Nyuzi za Buluu kwenye Chujio

Wauza nyama wa sokoni kwetu walimjua Shangazi kwa hatua zake. Akitokea tu upande wa mboga, wa kwanza alianza kupangusa mizani yake, wa pili akabandua kipande cha bati alichokuwa amekibandika chini ya sahani, wa tatu akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Shangazi hakuwa askari wala hakutumwa na mtu. Alikuwa mteja kama wengine, ila mkobani alitembea na kijiwe cha chuma cha nusu kilo, na kabla ya kununua alikiweka kwanza kwenye mizani aone kama inasema kweli. Walimwita Mama Mizani, naye jina hilo hakulichukia. Nilipozaliwa mimi, wauguzi waliandika kilo tatu. Shangazi aliomba nirudishwe kwenye mizani, akasoma mwenyewe, akairekebisha kadi kwa kalamu yake: kilo mbili na gramu mia tisa na arobaini. Mama mpaka leo analalamika kwamba wifi yake alimpunja gramu sitini siku ya kwanza.

Sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumbembeleza mtoto. Ukimuuliza kama sindano inauma, alijibu kwamba inauma, kwa muda wa kuhesabu moja hadi nne. Tulipokuwa wadogo tulimwogopa kwa hilo, tulipokua tukamtania, na kuna miezi fulani mimi nilimchukia. Nitaeleza kwa nini, maana habari hii ni yake na ya baba yangu, na nikificha upande wangu nitakuwa nimebandika bati chini ya sahani kama yule muuza nyama.

Shangazi alimzidi Baba miaka tisa. Mama yao alifariki Baba akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, kwa hiyo aliyembeba mgongoni, aliyemnawisha, aliyempeleka shule na kumsubiri getini alikuwa dada yake. Hakuolewa. Baba alikuwa na maelezo yake ya jambo hilo: wachumba walikuja, wakapimwa, wakaonekana wamepungua. Shangazi akisikia hivyo alitikisa kichwa tu na kumwita "mdogo wangu", jina alilomwita hata ndevu zake zilipoanza mvi.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la halmashauri, chumba chenye madirisha yasiyofunguliwa kwa sababu upepo uliichanganya mizani. Kazi yao ilikuwa kupima kinachoingia miilini mwa watu: moshi, kelele, harufu ya rangi, vumbi. Halmashauri ikitaka kuruhusu kitu kipya, iwe dawa ya kupulizia mitaro au bati la aina mpya, mtu wa ofisi ile alitumwa kuangalia kitawafanya nini watu, kisha akajaza fomu ndefu yenye kichwa cha Tathmini ya Athari kwa Afya. Vumbi lilikuwa na utaratibu wake. Mfanyakazi alivishwa mkandani pampu ndogo ya kutosha kiganjani, yenye bomba jembamba linalopanda hadi kwenye ukosi wa shati, karibu na pua. Pampu ilivuta hewa ile ile aliyoivuta yeye, saa nane mfululizo, ikaipitisha kwenye chujio jeupe la duara lenye ukubwa wa sarafu. Chujio lilipimwa uzito kabla na baada, na tofauti ndiyo vumbi la mtu yule.

Niliwahi kumwona akipima. Alivaa glavu, akalishika chujio kwa kibano, na alipoliweka kwenye mizani alibana pumzi, kwa sababu hata pumzi yake ingetosha kuisogeza namba. Alikaa hivyo mpaka namba ikatulia. Ndipo akaandika, ndipo akavuta hewa.

Baba alikuwa fundi mawe. Karakana yao ilikuwa na watu saba na grenda saba za kukatia mawe, paa la bati na ukuta mmoja uliobomolewa ili magari yaingie. Miaka mingi walikata mawe ya kuchimbwa, ya makaburi na ya ngazi, mpaka lilipokuja jiwe jipya. Mafundi waliliita jiwe la gundi, kwa kuwa lilitengenezwa kiwandani kwa jiwe lililosagwa unga na kugandishwa kwa gundi. Lilikuja likiwa mabamba makubwa meupe yasiyo na doa, na ghafla kila mwenye jiko alitaka kaunta ya jiwe lile. Lilikatika vizuri kuliko jiwe la asili na halikupasuka ovyo. Vumbi lake lilikuwa laini mno, likabaki hewani muda mrefu, na lilinuka utamu utamu.

Halmashauri ikawa na swali moja: karakana ziachwe zilikate jiwe hilo likiwa kavu, au zilazimishwe kukata kwa maji, ili vumbi ligeuke tope kabla halijaruka? Wenye karakana walipinga maji. Walisema mashine za maji ni shida, mitaro haipo, na mafundi watarudishwa nyumbani. Shangazi akapewa karakana tatu za kupima. Ya kwanza ilikuwa tayari inakata kwa maji. Ya pili ilifanya kazi ya kufunga kaunta tu, haikukata. Ya tatu, iliyokata kavu, ndiyo ya Baba, na ndani yake mtu wa kuvishwa pampu alikuwa Baba, kwa sababu Shangazi alimwamini kuliko wenzake. Bosi wake alimuuliza kama ni sawa kumpima ndugu. Akajibu kwamba mizani haimjui mtu. Basi swali lote la halmashauri likaning'inia kwenye mkanda wa baba yangu.

Asubuhi ya siku yenyewe alimvisha pampu mwenyewe, mafundi wakicheka kwamba leo mwenzao kafungwa kengele. Kwenye karakana nyingine mbili aliwaeleza watu hatua kwa hatua pampu inafanya nini na kwa nini isivuliwe. Kwa Baba hakueleza. Aliamini Baba anajua, maana miaka yote alizungumzia machujio na pampu mezani kwetu. Kumbe Baba alimsikia miaka yote kama mtu anavyosikia mvua. Alichomwambia ni kwamba ofisi nzima ina pampu tatu tu, zilizopatikana baada ya miaka minne ya kuandika barua, na hii ikiharibika hakuna nyingine. "Kitunze kama mboni ya jicho," akasema, akaenda zake.

Kanuni ilimtaka mpimaji amtazame mvaaji kila baada ya saa mbili, ila iliruhusu kupiga simu pale mvaaji anapoaminika. Karakana nyingine alikwenda kwa miguu. Kwa Baba alipiga simu mara tatu, akauliza kama pampu inanguruma, na mara zote Baba alijibu kwamba inanguruma vizuri. Ilikuwa kweli. Alikuwa amekwenda kuitegea sikio.

Jioni ile mezani Baba alitusimulia mwenyewe, akijisifu. Alisema kimashine cha Dada kina bahati ya kumpata yeye, maana vumbi lile lingekiua kabla ya saa sita mchana. Shangazi alipogeuka tu, yeye alikivua, akakifunga kwenye shati lake safi la kurudia nyumbani, akakiweka kwenye kabati la chakula, mlango akauacha wazi kidogo kipate hewa. Shangazi alipokaribia kuja kukichukua, akakivaa tena. "Kimeshinda kabatini kama bwana harusi," Baba akasema, "mimi ndiye niliyekula vumbi." Tulicheka hadi mbavu zikatuuma. Mama aliuliza kama atamwambia Dada, Baba akasema hapana, Dada atamwonea huruma bure na kumwandikia barua ya shukrani yenye namba.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kitu kilinigusa kichwani, kwamba kifaa cha kupima vumbi kinapimaje kikiwa kabatini. Kisha Mama akaniambia nilete maji, nikaleta maji.

Chujio la Baba lilitoka karibu jeupe. Shangazi alilipima mara tatu kwa kutoamini, kisha akaamini, na nadhani aliamini kwa furaha. Jumapili alikuja kwetu na kilo mbili kamili za nyama, akamwambia Baba kwamba hewa ya karakana yao ni safi kuliko alivyodhani. Baba akasema wanafagia sana. Ripoti ilikwenda, halmashauri ikapiga kura, na jiwe la gundi likaruhusiwa kukatwa kavu mji mzima. Mabamba yaliingia kwa malori. Baba na wenzake walikuwa na kazi ya kutosha mpaka Jumapili.

Kikohozi kilianza mwaka wa tatu. Mimi nilikuwa mbali, chuo cha ualimu, nikapata habari kwa simu tu: kwamba Baba amekonda kidogo, kwamba amepewa dozi ya kifua kikuu, kwamba ameimaliza miezi sita na bado anakohoa. Mama alinificha mengine. Hakuniambia kwamba Baba alikuwa anapumzika mara mbili kati ya kitanda na choo. Wala hakuniambia kwamba daktari wa kifua, binti mmoja asiyependa maneno mengi, alikwisha kumuuliza kazi yake, akatazama picha za mapafu, akamwambia aache jiwe siku hiyo hiyo, maana vumbi limeyafanya mapafu kuwa magumu na haliondoki.

Baba hakuacha. Alimuuliza dada yake, na dada yake akamwambia daktari amekosea. Alikuwa na namba. Alikwenda na nakala ya ripoti mpaka chumba cha daktari, akamwonyesha kwamba hewa ya karakana ile aliipima mwenyewe na ilikuwa safi kuliko ya wodi, akamwomba kwa adabu atafute ugonjwa mwingine. Daktari alizisoma namba, akasita, akaagiza vipimo vingine. Baba akarudi kwenye grenda. Alikata jiwe miezi minne zaidi, kwa kuwa dada yake alisema jiwe halina kosa, mpaka siku alipoanguka kando ya bamba na mafundi wakamleta hospitali wamemlaza kwenye gari la mizigo.

Nilirudi siku iliyofuata. Nilimkuta Shangazi kwenye benchi la korido nje ya wodi, ripoti yake mapajani, akimweleza Mama kwamba wangechunguza maji ya kisima, au rangi ya ukuta wa chumbani, lakini si karakana. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na bado alikuwa anatetea namba. Ndipo lile la kabatini lilipopanda kichwani mwangu lote kwa mara moja.

"Shangazi," nikasema, "siku ile kimashine hakikuvaliwa. Kilikuwa kabatini."

"Kabati gani?"

"La chakula. Baba alikifunga kwenye shati kisiharibike na vumbi. Ulimwambia akitunze."

Hakulia wala hakubisha. Aliniuliza maswali kama anayejaza fomu. Mlango wa kabati ulikuwa wazi au umefungwa? Wazi kidogo. Kwa muda gani? Siku nzima. Shati la kitambaa gani? Pamba, nikasema, lile la buluu. Hapo akayapanga makaratasi ya ripoti pembe kwa pembe. Kisha akauliza nani mwingine anajua.

"Sote," nikamjibu.

Najua jibu lile lilimchoma, na wakati ule nilitaka limchome. Nilikuwa na hasira naye na zaidi na mimi mwenyewe, na ya kwangu nikamtupia yeye. Nilimwambia amepima watu wote wa mji huu kwa macho yake, ila ndugu yake mwenyewe amempima kwa simu. Mama alinishika mkono ninyamaze. Shangazi akasema ni kweli, akasimama, akaingia wodini kumbadilishia Baba mto.

Kesho yake alinichukua hadi ofisini kwake, maana sampuli ya zamani haifunguliwi na mtu mmoja. Kwenye stoo ya machujio alitoa bahasha yenye tarehe ya siku ile. Chujio lilikuwa bado jeupe. Aliliweka chini ya lenzi akaniachia nitazame, nami nikaona nyuzi nyembamba za buluu, tano au sita, zimelala juu yake. Kisha akafungua fomu, ukurasa wa mwisho, sehemu ya maoni ya mpimaji. Kwa mwandiko wake mzuri wa kalamu nyeusi alikuwa ameandika tangu siku ile: nyuzi chache za buluu, huenda za ukosi wa nguo. Aliziona. Asubuhi ile alikuwa amemvisha ndugu yake pampu juu ya ovaroli ya kijivu, na hakujiuliza ukosi wa buluu umetoka wapi. Aliniomba nikae nje kidogo. Nikasikia maji ya bomba yakitiririka ndani kwa muda mrefu kuliko mtu anavyonawa mikono.

Hakungoja kutumwa. Alichukua pampu ile ile, akajivisha mwenyewe, akaenda kusimama karakanani kwa saa nane nzima, pembeni ya grenda ya rafiki wa Baba tuliyemwita Bubu kwa sababu mdomo wake haukuwahi kufungwa. Bubu alimwomba akae mlangoni, akamwomba avae barakoa, akamletea kiti. Alikikataa kiti, na pale mchana wengine walipokula yeye alisimama. Jioni alirudi nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Kupima chujio kulimshinda mara mbili, kwa sababu kila alipobana pumzi kikohozi kilimtoka na namba ikaruka. Mara ya tatu aliweza. Uzito ulikuwa mara ishirini na mbili ya ule wa vumbi la kabatini, na mara tisa ya kiwango ambacho sheria ingekubali.

Alipoitwa mbele ya kamati ya halmashauri nilikwenda naye, nikakaa viti vya nyuma na Bubu. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole na alimtafutia mlango wa kutokea. Alisema vifaa vya umma vinachakaa, bila shaka pampu ya miaka ile ilikuwa na hitilafu, basi iandikwe hivyo na kipimo kipya kipokewe.

"Pampu haikuwa na hitilafu, mheshimiwa," Shangazi akasema. "Ilipima vizuri kabisa hewa ya kabati la chakula. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu sikwenda kutazama."

Mtu mmoja akacheka, akaona hakuna anayemuunga mkono, akanyamaza. Shangazi alisoma namba zote mbili, ya zamani na ya mpya, hakuzungusha hata moja. Hakusema kwamba aliyevaa pampu ni ndugu yake mpaka alipoulizwa, na alipoulizwa alijibu kwa neno moja. Ilichukua wiki saba. Sheria ikabadilika, karakana zote zikaamriwa kukata kwa maji, na Shangazi akahamishwa kutoka kwenye mizani akapelekwa kutunza mafaili chumba cha chini. Wenzake walimwambia ashukuru hakumwaga unga.

Baba alikwisha kurudishwa nyumbani. Alilala sebuleni karibu na dirisha, mtungi wa oksijeni umesimama kichwani pa kitanda kama mgeni asiyetaka kukaa. Alikuwa mwepesi hivi kwamba niliweza kumgeuza peke yangu. Bubu alikuja kila wiki, akamhadithia jinsi maji yanavyowarukia, kwamba sasa wanarudi nyumbani wameloa kama wafua nguo, na vumbi hakuna. Baba alicheka kwa mabega tu, sauti haikuwepo. Bubu alijua kila kitu, alikuwepo karakanani na alikuwepo kwenye kamati, ila Shangazi alimwomba asimwambie Baba kuhusu kipimo, atamwambia mwenyewe. Na mtu yule asiyeweza kuficha hata chafya akaificha ile habari wiki kwa wiki, akitoka kwetu anafuta uso mlangoni. Kilichomponyoka ni kimoja tu, kwamba Mama Mizani siku hizi yuko chumba cha chini.

Shangazi alichelewa kumwambia. Alikuja kila alasiri, akamnawisha, akamkata kucha, akahesabu pumzi zake kwa dakika na kuziandika kwenye daftari dogo, na kila siku akaondoka hajasema. Mpaka Alhamisi moja alipotokea amevaa nguo za kazini na faili kwapani. Mama aliliona faili akasimama kwenye njia ya mlango. Alimsihi kwa sauti ya chini amwachie mume wake aende na moyo mwepesi, kwamba ukweli huo haurudishi pafu hata moja. Nami nilimsihi, ingawa miezi ile yote nilikuwa nimetaka auseme. Shangazi alisema hewa ile ni ya Baba, aliivuta yeye, na mtu ana haki ya kujua ilikuwa kiasi gani. Alisema amewaambia wageni ukumbi mzima, hawezi kumficha mdogo wake. Mama akampisha.

Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akalifungua faili mapajani. Baba akamtangulia.

"Dada," akasema. Maneno yalimtoka mawili mawili, katikati akivuta hewa ya mtungi. "Kuna kitu sikukwambia. Kile kimashine. Siku ile sikukivaa. Nilikiweka kabatini, vumbi lisikiharibu." Akapumzika. "Bubu anasema umehamishwa. Ni kwa sababu hiyo? Nilikuharibia kazi?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda nimeshika glasi ya maji. Shangazi alimtazama. Niliona kifua chake kimesimama, hakipandi wala hakishuki, kama vile alivyokuwa mbele ya mizani, na nikajua namba inatafuta mahali pa kutulia. Kisha akalifunga faili taratibu, akaliweka sakafuni.

"Hapana, mdogo wangu," akasema. "Niliomba mwenyewe. Zile ngazi zilinichosha."

"Na kipimo?"

"Kipimo kilitoka sawasawa."

"Kimashine hakikuharibika?"

"Mpaka leo kinafanya kazi."

Baba akafumba macho, uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu arudi kutoka hospitali. Alifariki Jumatatu iliyofuata, asubuhi, dada yake akiwa amemshika mkono, na katika siku zile nne zilizobaki hakuuliza tena. Lakini Alhamisi ile, kabla hajasinzia, alisema kitu kimoja zaidi, akijisifu kidogo, kama alivyojisifu mezani mwaka ule tulipocheka wote.

"Nilikifunga vizuri," akasema.

Shangazi akamfunika miguu, akamwambia ndiyo, alikifunga vizuri sana, ndipo akavuta hewa.